Shubiri Moja na Ushei

Treni ya saa mbili unusu asubuhi kutoka Vilnius,
kipasha joto chini ya kiti kikiunguza visigino
na kuyaacha magoti yatetemeke.
Gintarė, niliyepanga kwenda naye, aliamka na homa.
Nilikuwa peke yangu na orodha aliyoniandikia:
kasri, daraja, nyumba za madirisha matatu, kibinai,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu: USIVUE KOFIA.

Trakai. Hasi kumi na nne.
Pua iligandana kwa ndani kila nilipovuta pumzi.
Theluji chini ya buti ililia kru, kru,
kama mtu anayetafuna bisi msibani.

Nikavuka daraja la mbao. Kasri lilikuwapo, jekundu,
minara imevaa kofia nyeupe kuliko yangu,
na langoni karatasi: JUMATATU TUMEFUNGA.
Niliisoma mara tatu kwa Kilithuania changu cha miezi mitano,
nikitumai sarufi itanionea huruma.

Nikatoa simu nimpigie mama picha, walau ya ukuta.
Ilikuwa na asilimia arubaini. Ikanitazama, ikazima.
Kwamba baridi hunyonya betri, hilo Gintarė hakuliandika.

Ziwani, katikati kabisa, mtu amekaa juu ya sanduku.
Akanipungia mkono. Nikatikisa kichwa.
Akainuka, akachukua keekee ndefu kama yeye,
akaizungusha mpaka maji meusi yakachungulia,
akatumbukiza kijiti, akakitoa, akapima kwa vidole
ili nione kutoka nilipo:
shubiri moja na ushei.

Kipimo hicho nakijua. Nikakanyaga.

Nyumbani, mama yangu aliuza barafu.
Za ubuyu, za ukwaju, Alhamisi za maziwa,
katika vifuko vyembamba vilivyokazwa fundo kwa meno,
langoni pa shule, shilingi hamsini, baadaye mia.
Umeme ukikatika tulikunywa mtaji
sakafuni, ndimi nyekundu, hakuna anayecheka.
Friji lile limesomesha watoto wawili na nusu
(nusu ni mimi; sijamaliza).

Na hapa ziwa zima limeganda
bila luku, bila friji,
wala hakuna hata mtoto mmoja
anayesubiri na sarafu kiganjani.

Nikacheka. Yule bwana, Vaidotas, naye akacheka
asijue tunacheka nini,
akanimiminia chai ya chupa. Nikasema ačiū.
Asante ya watu hawa ni chafya tupu:
nikajijibu kimoyomoyo, afya.

Kisha nikalizunguka kasri kwa nyuma,
huko ambako kiangazi hufika mashua tu,
nikavua glavu, nikaweka kiganja ukutani.
Matofali yaliuma. Nilikiacha hapo kidogo.

Bi Halina aliniuzia kibinai mbili:
nusu mwezi za unga, nyama ya kondoo ndani,
ukingo umesokotwa kama ukili.
Mabibi zake ni Wakaraimu, walikuja kutoka kusini,
ndio wenye zile nyumba za madirisha matatu barabarani.
La kwanza la Mungu, aliniambia, la pili la mwenye nyumba,
la tatu la mtawala aliyewaita, labda atapita.

Na asipopita?

Akainua mabega.
Dirishani kwa mtawala alilala paka,
kando ya sinia la kibinai zinazopoa.

Saa kumi jioni usiku ulishaingia.
Bwenini nikachomeka simu, ikafufuka, ikaita.
Picha iko wapi, mama akauliza.
Nikamweleza ziwa, nikamweleza kijiti:
shubiri moja na ushei, mama, kutoka ukingo hadi ukingo.

Akanyamaza. Nilisikia akipiga hesabu.

“Na huko,” akasema, “wanauza bei gani?”